Wanafunzi wamechora mshale wa mausi ndani ya seli. Projekta inanisaidia au inaniangusha?

#1 MwalimuWaZamu
Wakuu salaam, naingia moja kwa moja.

Mi ni mwalimu wa Bailojia shule moja ya kata, mkoa nauacha maana dunia ndogo. Mwaka jana kuna mtu aliyesoma pale zamani alituletea projekta na laptopu moja, nikawa wa kwanza kuidandia maana wenzangu waliiogopa. Kidato cha kwanza mkondo A wako 84. Somo lenyewe seli. Nikashusha picha ya seli ya mmea usiku kwa bando langu, asubuhi nikaazima khanga kwa walimu wa kike tukaziba madirisha, shuka jeupe tukalipigilia misumari juu ya ubao. Wakuu lile darasa halijawahi kunyamaza vile tangu niripoti. Seli imejaa ukuta mzima, kijani inang'aa, mi nimekaa pembeni nazungusha mausi, hiki kiini, huu ukuta wa seli, hii vakuoli, walipiga makofi mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Wiki mbili mbele nikatoa testi, chora seli ya mmea na uoneshe sehemu zake. Karatasi 84, kati yake 11 zina kamshale. Yaani ule mshale wa mausi wenyewe, mweupe una mpaka mweusi, umeinamia kushoto, palepale pembeni ya kiini nilipouachia wakati naeleza. Mmoja kaupa na jina kabisa. Kaandika "arrow body".

Sasa mkondo B niliwafundisha kwa chaki kwa sababu siku hiyo umeme ulikatika. Hakuna hata mmoja aliyechora mshale, na maksi za mikondo yote miwili zinalingana tu. Ndo najiuliza, nimehangaika na khanga za watu na misumari kwa faida gani? Walimu wenzangu na wazazi mnaonaje hii kitu.

#2 KapukuMbagala
"Arrow body" 😂😂 nimecheka ofisini bosi kaniangalia. Naweka kambi hapa.

#3 SukariGuru
Chai. Tena ya tangawizi.

#4 MwalimuWaZamu
#3 mkuu ningekuwa na ruhusa ya kuweka karatasi za watoto wa watu mtandaoni ningeweka, sina. Amini au acha.

#5 MzeeWaUbao
Mwanangu #1 pole na hongera. Mi nimestaafu, chaki nimeishika miaka 34 na mkono wa kulia mpaka leo ukikunja unalia. Nakwambia shida iko wapi.

Seli mi nilikuwa naichora. Naanza na ukuta, nasema ukuta, watoto wanachora ukuta. Nageuka napita katikati ya madawati naangalia, yule kachora duara, namwambia ya mmea ina pembe, kafute. Narudi naweka kiini. Napita tena. Kipindi cha dakika 40 kinaisha na seli moja lakini imetoka kwenye vidole vyao. Picha yako wewe imezaliwa tayari imekamilika, mtoto hajui kipi kilitangulia, kipi cha maana, kipi ni uchafu wa mashine. Anabeba vyote. Na wewe mwenyewe umesema ulikuwa umekaa pembeni. Mwalimu akikaa, darasa linaangalia ukuta.

#6 KapukuMbagala
Mzee heshima yako lakini ubao nao una mambo yake. Sisi shule ya msingi ubao wetu ulikuwa na ufa toka juu kulia unashuka. Mwalimu wa Jiografia akachora ramani ya Tanzania juu ya ule ufa. Nusu ya darasa tukauchora na ufa, rafiki yangu akauandika mto Ruvuma. Ule ufa ulikuwa unapita Tabora mzee wangu.

#7 FundiWaya
😂😂 Ruvuma ya Tabora.

Haya tuongee ufundi. #1 usikasirike ila kosa ni la dereva, gari halina kosa. Mshale hauachwi juu ya picha. Ukiwa kwenye onyesho la slaidi bonyeza Ctrl na P, mshale unageuka kalamu, unachora juu ya picha mwenyewe mbele yao, unazungushia kiini, unaandika. Ukitaka wakuangalie wewe bonyeza herufi B skrini inakuwa nyeusi yote, ukibonyeza tena inarudi. Mzee #5 anachotaka, kuchora kidogo kidogo, projekta inafanya vizuri tu. Unaanza na slaidi tupu. Walimu wanapewa mashine hawapewi hata siku mbili za kuelekezwa, halafu matokeo yakigoma mashine ndo inasemwa.

#8 BintiMuheza
Nyote mnazunguka mbuyu. Tatizo hapo ni Kiingereza.

Huyu mtoto la saba alikuwa anasoma Sayansi kwa Kiswahili, kiini, utando, chakula cha mmea. Januari kaingia kidato cha kwanza, kila kitu kimegeuka. Akiona kwenye picha kuna maneno kumi, yote mageni, "vacuole", "chloroplast", yeye hana namna ya kujua lipi jina la kitu na lipi pambo. Sasa kamshale kamekaa hapo, kwa nini kasiwe na jina lake la Kiingereza ambalo hajalisikia bado? Kajiongeza, kaweka "arrow body". Mbona ndani ya seli kuna Golgi body? Huyo mtoto ana akili, lugha ndo inamchezea. Leta projekta, leta roketi, kama lugha haieleweki unaonesha sinema bubu.

#9 Kokoto
Hizi tekinolojia Afrika hazijawahi kufanya kazi. Hata ule mradi wa tableti za Elon Musk kule Mtwara 2014 ulifeli, zikaishia kuuzwa.

#10 BintiMuheza
#9 karibu kila kitu umekosea 😅. Haikuwa Mtwara, ilikuwa Tanga, kwetu kabisa. Haikuwa 2014, watoto walipewa tableti mwisho wa 2017 na washindi wakatangazwa Mei 2019. Ilikuwa ni shindano la programu za kujifunzia linaitwa Global Learning XPRIZE, zawadi dola milioni 15, ni kweli Musk alitoa hela, tableti zilitoka Google. Watoto karibu 3,000, vijiji zaidi ya 100, wengi wao hawajawahi kukaa darasani. Kila kijiji kikawekewa umeme wa jua wa kuchajia na mtu wa kusimamia chaji, mwalimu hakuna. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawawezi kusoma neno hata moja la Kiswahili, baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kama nusu. Walioshinda ni timu mbili, onebillion na Kitkit School.

Na programu zote zilikuwa za KISWAHILI. Ndo narudi palepale #8.

#11 Kokoto
Asante kwa kunirekebisha, hapo kwenye kuuzwa nilisikia tu kijiweni. Ila hata hivyo, mtoto ambaye hana shule kabisa ukimpa chochote atapanda. Ungempa na kitabu cha herufi na dada mmoja aliyemaliza la saba angepanda pia. Toka sifuri kila njia ni mlima. Na hiyo nusu nyingine je, miezi 15 na tableti mkononi bado neno moja haisomi? Hao nani anawaongelea.

#12 KibaruaLikoni
Habari zenu majirani. Huku Kenya nasi tulikuwa na yetu. 2013 kampeni tuliahidiwa laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, 2016 zikaja zikiwa tableti, na si kidogo, vifaa zaidi ya milioni moja shule zaidi ya elfu ishirini. Sasa mpwa wangu shule yake huku Pwani, sitaitaja, zilifika zikapokelewa kwa ngoma na picha. Halafu ziliingia stoo. Mlango ukatiwa grili na kufuli mbili kwa sababu zikipotea mwalimu mkuu ndiye ataulizwa. Basi mwalimu akitaka kuzitumia yataka aandike kitabu, atafute funguo, ahesabu zote, azigawe, kipindi cha dakika 30 kimebaki dakika 11, azikusanye, ahesabu tena. Ungekuwa wewe ungezitoa mara ngapi? Mpwa wangu alizishika siku mbili mwaka mzima, siku ya pili alikuja mgeni.

Kwa hivyo mimi nasema si lugha wala si mshale. Ni hofu. Kifaa kikiwa ghali kuliko mshahara wa anayekilinda, hakitumiki.

#13 ChatuMpole
#12 umenikumbusha vishikwambi vyetu. Wafadhili walivyogawa kwa walimu, kuna ofisi ya walimu nilipita Jumamosi, vinne vimesimamishwa juu ya makopo ya chaki vinaonesha mechi moja, kila kimoja kimechelewa sekunde kadhaa, goli moja linashangiliwa mara nne 😂

#14 AdaYaMeza
Wafadhili gani? Vile vilinunuliwa kwa ajili ya sensa ya Agosti 2022, makarani walivyomaliza kuhesabu watu ndo vikapelekwa kwa walimu. Tuseme vitu kama vilivyo jamani.

Na mi ni mwalimu ninacho. Mechi nimeangalia, sikatai. Ila vitabu vya Taasisi ya Elimu nasomea humo, zamani shule nzima kitabu kimoja anakaa nacho mwalimu wa taaluma. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha. Hakijanifanya nifundishe tofauti, kimenifanya nisiende darasani mikono mitupu.

#15 MwalimuWaZamu
#14 hapo umegusa. Na kuna hili, mdhibiti ubora akija anataka andalio la somo limeandikwa kwa mkono kwenye daftari. Mi nimeandaa slaidi usiku kucha halafu naamka saa kumi kunakili kilekile kwenye karatasi ili nisiandikwe vibaya. Kazi mara mbili.

#16 DarajaniBoi
Assalaam alaykum. Nyie wa bara mnapenda mambo makubwa makubwa. Zenji kuanzia 2006 ulikuweko mradi unaitwa RISE, na kipindi chake cha redio kikiitwa Tucheze Tujifunze. Redio tu. Watoto wadogo ambao skuli ya chekechea iko mbali, wanakaa chini ya mwembe, redio inasema "simama, gusa goti", inanyamaza, wale watoto wanasimama wanagusa goti, inasema "hesabu miembe", inanyamaza. Kule kunyamaza ndio ufundi wenyewe. Na pembeni kuna mtu mzima anawaongoza, hajaachiwa mwalimu nyumbani.

Dada yangu alikuwa akiongoza kikundi kimoja. Akisema betri zikikaribia kwisha sauti inakuwa nzito kama jini, watoto wanazidi kufurahi.

#17 KapukuMbagala
Redio 2006? Bara huku tulishakuwa na TV toka 94 mkuu.

#18 DarajaniBoi
😂 Zenji TV toka mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya rangi. Tulipokuwa tukiangalia rangi nyie bara mlikuwa mkiangalia ukuta. Usinianzie.

#19 KapukuMbagala
Nimekaa chini 🙏

#20 MamaWatatu
Mimi mzazi. Machi 2020 shule zilivyofungwa masomo yakaletwa kwenye TV na redio. Nina watoto watatu, TV moja, na LUKU iliyokuwa inasoma uniti nne. Mkubwa anataka Fizikia, mdogo anataka katuni, wa kati anasema yote anayajua. Mpaka tarehe 29 Juni walivyorudi shule nilikuwa nimejifunza Fizikia mimi. Ninachokumbuka, yule mkubwa alikuwa anaangalia mwalimu wa kwenye TV anafundisha vizuri tu, anatikisa kichwa, ukimuuliza hana kitu. Nikamwambia dogo mfundishe mama. Akianza kunifundisha ndo anakwama, anarudi kwenye daftari, anaelewa. Kwa hiyo #1, hao watoto wako walipewa nafasi ya kumfundisha mtu yeyote? Au waliangalia wakapiga makofi wakaenda?

#21 MwalimuWaZamu
#20 waliangalia wakapiga makofi wakaenda. Umenipiga na kitu kizito.

#22 MpitaNjiaMalmö
Niko Sweden mwaka wa tisa. Huku mambo yanarudi nyuma, 2023 serikali ilitangaza kurudisha vitabu vya karatasi na kuandika kwa mkono, hasa kwa watoto wadogo, na ikatenga hela za kununulia vitabu. Binti yangu alianza na tableti toka chekechea, mwaka juzi karudi nyumbani na kitabu cha karatasi begini ananionesha kama kitu cha ajabu, "baba kinanuka".

#23 SukariGuru
Sweden wameshiba skrini wanarudi kwenye karatasi, sisi tunaambiwa tusizitafute kabla hatujashiba. Mwenye gari akikwambia kutembea ni afya muangalie anavyoondoka.

Na UNESCO nao 2023 walitoa ripoti wakasema simu darasani zinavuruga. Sawa, ila huku kwetu mwanafunzi akikutwa na simu shuleni ni kesi mpaka kwa mzazi, kitambo tu kabla ya hiyo ripoti. Sasa mbona ufaulu wetu haujapita wa Sweden? Basi simu sio sababu pekee.

#24 TakwimuTupu
Naongeza moja. Peru waligawa zile laptopu ndogo za kijani na nyeupe, za mradi wa One Laptop per Child. Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) ikafanya utafiti, shule 319 za vijijini, walioletewa na ambao hawajaletewa. Ripoti ya 2012, Hesabu na lugha hakuna tofauti. Hapo hakuna Kiingereza dada #8, mashine zilikuwa na Kihispania. Na hakuna stoo ndugu #12, watoto walikuwa nazo na walizitumia kweli. Na bado.

Halafu Delhi, India, kuna programu inaitwa Mindspark, ilipimwa kwa kura ya bahati nasibu nani aingie, utafiti ukatoka 2019, watoto walipanda kweli Hesabu na Kihindi. Tofauti yake, ile programu ilikuwa inampima mtoto kwanza, akiwa darasa la nane lakini uwezo wake ni wa la nne inampa ya la nne. Kwa hiyo nadhani swali sio projekta au chaki. Seli ileile moja kwa watoto 84 wenye viwango 84, iwe ukutani iwe ubaoni, maksi zitalingana tu. Ndicho alichokiona #1 bila kujua.

#25 BintiMuheza
#24 Peru vijijini kuna watoto kibao wanaongea Kiquechua nyumbani, Kihispania ni lugha ya shule. Usinifungie kesi haraka hivyo.

#26 TakwimuTupu
Hapo umenikamata, nitarudi.

#27 KokoLaNazi
Mi nauliza kipelelezi tu. Hao 11 walikaa wapi siku ya testi? Isije ikawa mmoja kachora mshale na wenzake wakamwangalizia. Mnajenga nadharia tano juu ya watoto walioibiana.

#28 FundiWaya
#27 CID kaingia 😂😂

#29 MwalimuWaZamu
#27 mkuu nilikuwa silali. Leo nimechukua karatasi na ramani ya madawati (ninayo kwa sababu ya usafi wa zamu). Kati ya 11, saba wamekaa madawati yaliyofuatana upande wa dirishani. Hao siwatetei. Wanne wako mbalimbali kabisa, mmoja yuko mlangoni, mmoja nyuma pembeni ya kabati. Hao wanne hawawezi kuwa wameangaliziana labda kwa darubini.

#30 Kokoto
Kwa hiyo nadharia zote sasa zinagombania watoto wanne. Hii nchi bwana.

#31 MzeeWaUbao
Wanne ni wengi. Ungekuwa daktari wagonjwa wanne ungewapuuza?

Nawaeleza na jambo moja mnisikilize. Miaka hiyo nina hadubini moja shule nzima, lenzi ina ukungu. Nachukua kitunguu, naubandua ule utando wa ndani mwembamba kama nailoni, naweka juu ya kioo, tone la iodini. Wanapita mmoja mmoja. Inachukua vipindi viwili, kelele, nzi, harufu ya kitunguu. Kuna msichana alikaa pale akakataa kuondoka, foleni inamsukuma, ananiambia "mwalimu, ni matofali". Nyumba ya matofali ameiona maisha yake yote, siku hiyo kaiona ndani ya kitunguu. Hakuna mshale utakaochorwa hapo.

#32 ChatuMpole
Mzee umetugusa, ila hadubini moja kwa 84 ni vipindi viwili, je mtaala utaisha lini?

#33 FundiWaya
Hapo ndo tunaunganisha. Weka hadubini, kitunguu cha mzee, halafu kamera ya simu ya mwalimu bandika kwenye lenzi ya kuangalizia, simu unganisha na projekta. Wote 84 wanaona kitunguu kile kilichobanduliwa mbele yao dakika tano zilizopita, sio picha ya kushushwa. Mkono lazima utulie, mi niliwatengenezea shule fulani kishikio cha bomba la PVC na mpira wa baiskeli. Simu nyingine hazitoi picha kwa waya ukiunganisha, jaribu kwanza kabla hujaingia darasani usije ukaumbuka.

Kama huna hadubini, tone moja dogo la maji juu ya lenzi ya kamera ya simu, geuza taratibu tone lisianguke, linakuwa lenzi ya kukuza. Seli hutaiona vizuri ila mishipa ya jani na chembe za mchanga unaona safi. Maji yasiingie tundu la chaji, nisije nikalaumiwa.

Na kwa wasio na bando kuna Kolibri, programu ya masomo, inafanya kazi bila intaneti, unaiweka kwenye kompyuta moja shule nzima wanaunganishwa humo. Na majaribio ya PhET ya kufanyia kwenye kompyuta, ya Fizikia na Kemia, mengine yana Kiswahili, unayashusha mara moja basi.

#34 AdaYaMeza
Fundi wewe ungefundisha chuo cha ualimu tungefika mbali. Mi chuoni somo la TEHAMA nilifundishwa kwa kuchorewa kompyuta ubaoni. Sitanii. Kibodi tuliichora kwa rula.

#35 KapukuMbagala
Mlichora na mshale?

#36 AdaYaMeza
😂😂😂 toka hapa.

#37 MwalimuWaZamu
Wakuu narudi. Leo nimemuita yule wa "arrow body", yule wa pembeni ya kabati. Katoto kadogo, kapole, sare imemzidi. Nimemkalisha benchi la nje ili asiogope, nikamuonesha karatasi yake, nikamuuliza kwa Kiswahili hiki ni nini? Akanyamaza sana. Halafu akaniambia, "Mwalimu, ulisema kila kitu kilichomo ndani ya ukuta wa seli kina kazi yake."

Nikamwambia ndio, na hiki kazi yake nini? Akasema, "Hiki ndo kilikuwa kinatembea. Vingine vyote vimetulia. Nikajua ndo kinapeleka chakula."

Sikuwa na jibu. Nikampa sambusa akaondoka.

#38 MamaWatatu
Jamani mtoto huyo 😭

#39 BintiMuheza
Nilisema! Ulimuuliza kwa Kiswahili akajieleza kama mwanasayansi. Ungemuuliza kwa Kiingereza angenyamaza mpaka kengele.

#40 MzeeWaUbao
Na mimi nilisema. Hakujua kipi seli kipi mashine. Kitunguu hakitembei na mshale.

#41 FundiWaya
Na mimi pia, mshale ungekuwa kalamu haya yasingetokea.

#42 TakwimuTupu
Nimerudi. Yaani kila mmoja kasikia anachotaka. Mi nilichosikia, mwalimu kamkalisha mtoto mmoja dakika kumi akamuuliza anafikiria nini. Hiyo ndo ile Mindspark inafanya kwa programu. Kwa watoto 84 nani atafanya?

#43 SukariGuru
Naomba nifute chai yangu ya #3. Ila mi naona tofauti na nyie wote, projekta ILIFANYA KAZI. Kwenye ubao huyo mtoto asingeona kitu kinatembea. Ndani ya seli vitu vinatembea kweli kweli, havijatulia kama tulivyochorewa. Yeye kaona mwendo akauliza kazi yake. Kakosea kitu, hajakosea swali.

#44 KokoLaNazi
#43 hapo sasa umeenda mbali, tusianze kumpa Nobel. Na wale watatu wengine umewauliza #1?

#45 MwalimuWaZamu
Mmoja kasema "nilichora nilichokiona". Mwingine kasema alidhani nisingempa maksi akipunguza kitu. Wa mlangoni hakuja leo, yuko shamba.

#46 KibaruaLikoni
"Nisingempa maksi akipunguza kitu." Huyo ndiye anayeijua shule kuliko sisi sote humu.

#47 ChatuMpole
Swali la kizushi, arrow body ulimpa maksi ngapi?

#48 MwalimuWaZamu
Kabla ya kuongea nae nilimkata moja. Leo nimemrudishia nusu.

#49 MzeeWaUbao
Nusu ya nini sasa? Ama ni sehemu ya seli ama siyo.

#50 MamaWatatu
Mzee mwache mtoto na nusu yake.

#51 DarajaniBoi
Mpe yote na sambusa ya pili.

#52 FundiWaya
#1 umeamua nini Jumatatu? Ukitaka nikuelekeze kile kishikio cha PVC nitumie ujumbe. Kitunguu chukua chekundu, ukibandua utando wa nje wenye rangi inasaidia hata bila iodini.

#53 MwalimuWaZamu
Kitunguu nimenunua, chekundu. Hadubini imepatikana ya shule jirani, wanaitaka kabla ya saa sita. Simu nimejaribu na projekta ya rafiki yangu, inatoa picha. Shida imebaki moja, projekta yetu iko kwenye kabati la mkuu na mkuu kasafiri na funguo mpaka Alhamisi.

#54 KibaruaLikoni
🙂

#55 KapukuMbagala
Mzee #5 andaa chaki.